Anza na Kinachokufa Kwanza: kuchora mimea kwa rangi za maji ukiwa msanii mkaazi kwenye shamba la kale, Unguja au Pemba

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Ninunue karatasi gani? Mbona rangi yangu haikauki? Mbona ua nililolichuma asubuhi limekuwa jingine kufika adhuhuri? Wanaouliza wengi ni vijana waliopata nafasi ya kukaa wiki kadhaa kwenye jumba la shamba la kale, wakapewa chumba, meza na ruhusa ya kuchora chochote kinachoota pale. Video wanazojifunzia zimetengenezwa nchi za baridi, ambako mkono wa rangi hukauka kwa dakika chache na waridi hukaa kwenye glasi siku kadhaa bila kubadilika. Huku kwetu mambo si hayo. Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Tuelewane kwanza tunachokifanya. Picha ya mimea ya aina hii ni kumbukumbu. Mtu wa Wete akiiona ajue ni mkarafuu bila kusoma maandishi, na mtaalamu wa mimea aweze kuhesabu sehemu za ua. Mandhari ya nyuma haipo, karatasi inabaki nyeupe, na ukubwa ni ule ule wa mmea. Nadharia inatosha hapo.

Vifaa

Karatasi ndiyo usiyoibania pesa. Chukua ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini uliobanwa kwa joto. Arches, Fabriano na Saunders Waterford zote zinafaa. Usiondoke kwako ukitegemea kuinunua Darajani au Chake Chake, agiza mapema. Daftari la mchoro la bei rahisi liwe la majaribio tu.

Rangi sita zinatosha. Soma namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kichupa, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni:

- njano PY154
- nyekundu ya moto PR254
- waridi PV19
- buluu ya bahari kuu PB29
- buluu ya kijani PB15:3
- kahawia ya udongo ulioungua PBr7

Nyeusi huihitaji: PB29 na PBr7 zikikutana hutoa kijivu na kiza chote unachokitaka. Nyeupe pia huihitaji, karatasi ndiyo nyeupe yako. Ikimbie PR83, ile nyekundu ya zamani inayoitwa alizarin, kwani hupauka kwa mwanga. Yakimbie na mawaridi yanayong'aa kama kalamu ya kupigia mstari; yanapendeza wiki ya kwanza tu.

Halafu angalia kama rangi imetengenezwa kwa asali. M. Graham na Sennelier hutumia asali, na ni rangi nzuri sana kwingineko. Kwenye unyevu wetu zinabaki laini kama shira kwenye kibao, huchuruzika ukiinamisha sanduku, na sisimizi wanazijua. Chagua vidonge vikavu vya gundi ya mti peke yake.

Brashi tatu za duara zenye ncha nzuri: namba 6, 4 na 1. Hapa kuna swali ninaloulizwa na karibu kila mwanafunzi wa Kiislamu: je, hizi si nywele za nguruwe? Nywele za nguruwe ni ngumu, hutumika zaidi kwenye brashi za rangi za mafuta. Brashi za kifahari za rangi za maji hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa jamii ya kicheche. Ukitaka kuondoa shaka yote, nunua za nailoni. Za siku hizi zina ncha imara na kazi yetu haizidai zaidi ya hapo.

Vilivyobaki: penseli H na HB, ufutio laini wa kufinyanga, bikari, rula ya uwazi, lenzi ya kukuzia mara 10, kisu kikali au mkasi wa bustani, kisahani cheupe cha kaure cha kuchanganyia rangi, vitambaa vya pamba, sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na pakiti za chembe za kukausha unyevu, zile zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu. Usizitupe hizo kamwe. Waombe na jamaa zako wakuwekee.

Kabla hujafungua sanduku

Kubaliana na mwenyeji wako kwa maandishi: picha ngapi zitabaki shambani, nani anaruhusiwa kuzichapa kwenye kadi au mabango, na nani analipia karatasi. Kazi yako ina hakimiliki, na Zanzibar ofisi inayohusika ni COSOZA. Kama jumba ni gofu la kihistoria lililo chini ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, ruhusa ya kukaa na kufanya kazi pale haitoki kwa mlinzi wa geti.

Usiahidi picha nyingi. Kwa mwezi mmoja, picha tatu au nne zilizokamilika ni kazi ya mtu mwenye bidii. Anayeahidi kumi na mbili ataishia kunakili picha za simu chumbani usiku.

Hatua kwa hatua

1. Piga hodi, kisha tembea bila penseli.

Mwenyeji wako akupeleke kwa sheha siku ya kwanza. Mgeni anayelala kwenye shehia anatakiwa ajulikane, na sheha akikujua milango mingi hufunguka yenyewe.

Kisha fahamu kwamba shamba unaloliona moja huenda lina wenyewe wengi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Isitoshe, huku kwetu mtu anaweza kuwa na mti bila kuwa na ardhi ulipoota. Ruhusa ya mwenye jumba haikupi haki ya kukata kitawi cha mkarafuu wa Bi Fulani ulio hatua ishirini nyuma ya jumba. Uliza mti kwa mti. Salamu kwanza, habari za nyumbani, habari za watoto, ndipo tawi.

Tembea na mtu anayefanya kazi humo. Muulize jina la kila mmea, unatumika kwa nini, unachanua lini. Andika jina kama anavyolitamka yeye. Unguja na Pemba hutofautiana, na hata Makunduchi na mjini hutofautiana. Yeye ndiye pia atakayekuonyesha upupu kabla haujakuonyesha wenyewe. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika.

Wengine huuliza kama kuchora kunafaa kidini. Mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba riwaya ya Ibn Abbas ya kumwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho inajulikana sana, na wazee wa shamba hawana neno na mti wao kuchorwa. Popo au ndege akitua kwenye tawi, muulize mwenyeji wako kwanza.

2. Panga ratiba kwa kufuata kinachokufa kwanza.

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo inayowaharibia kazi. Mchoraji mpya huanza na anachokipenda au kilicho rahisi. Wewe anza na kile ambacho rangi yake haitakuwepo kesho.

Chukua kungumanga. Tunda likiiva hupasuka lenyewe mtini, ngozi ya manjano hafifu inaachana, na ndani unaona kokwa ya kahawia iliyoiva inayong'aa, imezungukwa na basibasi nyekundu kama wavu uliochanika. Wekundu ule ni wa kushtua, una unyevu, una mng'aro. Ukiliacha mezani ukaenda kula, ukirudi limeanza kusinyaa, na kadiri linavyokauka linaelekea rangi ya chungwa. Kokwa na ngozi zinaweza kusubiri, basibasi haisubiri. Kwa hiyo siku ya kungumanga unakaa mezani huku rangi nyekundu imeshachanganywa, ndipo unamwomba mtu akuletee tunda.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza vinavyobadilika kwa saa: basibasi, yasmini, stameni (vijiti vya chavua) za ua la karafuu. Pili vinavyobadilika kwa siku: mlangilangi, matumba ya karafuu yaliyokatwa, nywele za shokishoki. Tatu majani machanga. Nne majani makavu ya mwaka, magome, mdalasini uliokwanguliwa, karafuu zilizoanikwa. Hivyo vya nne ni akiba ya siku za mvua.

Msimu nao una amri yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ina maji kiasi kwamba mkono mmoja wa rangi unaweza kukuchukua asubuhi nzima kukauka. Kama una uhuru wa kuchagua, omba nafasi wakati wa kipupwe. Msimu wa karafuu ni mzuri kwa macho, lakini shamba zima lina shughuli na hakuna atakayekuwa na muda wa kukushikia tawi.

3. Chuma kwa wakati na kwa adabu.

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Mlangilangi hasa uchume alfajiri, wakati petali zake ndefu zimegeuka njano kamili; zile za kijani bado hazijakomaa, na ni vizuri uchore tawi lenye zote mbili.

Usipande mkarafuu. Matawi yake ni mepesi kukatika, na wachumaji waliozaliwa chini yake huanguka. Waombe wao. Wakati wa uchumaji nenda jioni wanapochambua, ukaombe kichala kimoja ambacho matumba hayajatengwa na makonyo yake. Karafuu zilizotandazwa kwenye majamvi usizichukue hata kiganja bila kupewa, na usijaze begi lako la safari: karafuu Zanzibar hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuzisafirisha kienyeji ni magendo.

Usichume chochote ndani ya hifadhi kama Jozani au Ngezi bila kibali cha misitu. Mpapindi, ule mti mwembamba wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake, uchore ulipo.

Tawi ulilokata lifunge kwa kitambaa chenye maji, kisha ulizungushie jani la mgomba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani, na jani la mgomba linaweka ubaridi vizuri kuliko mfuko. Ukifika, kata tena ncha ya kikonyo kwa mshazari ndani ya maji. Friji usiijaribu, maua ya nchi za joto huungua kwa baridi na kuwa meusi.

Tahadhari na utomvu: wa embe huunguza ngozi ya baadhi ya watu, maganda ya korosho mbichi yana mafuta makali zaidi, na ulimbo wa fenesi ukigusa brashi umeipoteza. Paka kisu mafuta kidogo kabla ya kukata fenesi, kisha unawe mikono kabla hujagusa karatasi.

4. Tafuta mwanga unaotulia.

Maelekezo ya nchi za kaskazini husema kaa kwenye dirisha la kaskazini. Ukiyafuata hapa mwezi wa saba, jua litakupiga mezani. Sisi tuko kama nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi inayobaki huwa upande wa kusini. Basi wakati wa kusi kaa dirisha la kusini, na wakati wa kaskazi kaa dirisha la kaskazini. Majumba ya kale yana kuta nene na madirisha ya ndani sana, kwa hiyo mara nyingi baraza yenye upenu ndiyo bora kuliko chumba.

Mwanga utokee kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Weka ubao mweupe nyuma ya mmea ili rangi za bustani zisikuchanganye. Panka lielekezwe ukutani, lisielekezwe kwenye mmea: majani yanayotikisika hayachoreki.

5. Rekodi rangi kabla ya umbo.

Wengi huanza na penseli, wakamaliza umbo saa tano, na ua limeshaondoka. Geuza utaratibu. Kwenye kipande cha karatasi ile ile utakayotumia, changanya rangi ya kila sehemu na upake mstari mdogo, kisha sogeza mstari hadi uguse jani au petali. Vikilingana, andika pembeni mchanganyiko wake. Huu ndio ushahidi wako siku tatu baadaye ambapo tawi limekuwa kuni.

Piga picha za simu pia, lakini kwa ajili ya umbo tu. Simu hudanganya wekundu wa basibasi na kijani cha mkarafuu kila mara.

6. Pima, kisha chora.

Tumia bikari. Urefu wa jani, upana wake mkubwa zaidi, umbali kati ya jozi moja ya majani na nyingine. Majani ya mkarafuu hukaa mawili mawili yakitazamana. Ukiyachora yakipishana umechora mti mwingine. Hesabu sehemu: tumba la karafuu lina meno manne ya kikombe, yameshika kibonge cha petali ambacho tumba likifunguka hudondoka kizima kama kofia na kuacha stameni nyingi nyembamba. Wachumaji hawapendi ua lililofunguka kwa sababu karafuu yake imekwisha thamani, kwa hiyo utalitafuta kwenye vichala walivyovisahau. Likusumbue kulitafuta. Picha ya mkarafuu yenye matumba peke yake ni nusu ya habari.

Sehemu ndogo uikuze pembeni, mara 3 au mara 5, uchore na mstari wa kipimo. Ikate ovari, yaani kifuko cha mbegu cha ua, katikati kwa wembe, uitazame kwa lenzi, uichore.

7. Hamisha mchoro kwenye karatasi nzuri.

Michoro yote ya kusahihisha ifanyike kwenye karatasi ya kawaida. Kisha bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha, weka karatasi nzuri juu, na ufuate mistari kwa penseli H bila kukandamiza. Ufutio usisugue, ugusie tu kuinua penseli iliyozidi. Karatasi iliyosuguliwa itanyonya rangi kwa madoa.

Mikono: kuanzia hapa weka karatasi safi chini ya kiganja. Mafuta ya nazi yakigusa karatasi, rangi haitakaa pale. Na dada zangu, hina mbichi na meza ya kazi ni maadui.

8. Mkono wa kwanza wa rangi.

Tumia maji ya mvua au ya kunywa. Maji ya visima vya upande wa maweni yana chokaa ya matumbawe, huacha vumbi jeupe kwenye rangi za kiza.

Lowesha jani moja tu kwa maji safi, usubiri hadi mng'aro wa maji ugeuke kuwa wa hariri, ndipo uguse rangi nyepesi. Acha sehemu inayong'aa iwe karatasi tupu. Kwenye jani la mkarafuu, ambalo linang'aa kweli, mwako huo una ubuluu wa anga: mkono wa kwanza uwe PB29 iliyokaribia kuwa maji matupu, ikauke, ndipo kijani kije kuizunguka.

Tumba la karafuu huanza na PY154 nyembamba. Ingali na unyevu, gusa PV19 kwenye ncha na uiache ishuke yenyewe.

Sasa subiri. Mguso wa kidole haukwambii kitu. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, bado ina maji hata kama inaonekana kavu. Wakati wa masika fanya kazi kwenye majani mawili matatu yaliyo mbalimbali, ukirudi la kwanza liwe tayari. Kikaushio cha nywele kinasaidia kama umeme upo, kwa umbali wa mkono mmoja, bila joto kali.

9. Mikono inayofuata.

Kila mkono uwe mkavu zaidi na mdogo zaidi kuliko uliotangulia. Mikono mitatu ya maji, kisha brashi namba 1 iliyokaribia kukauka kwa mishipa, kingo na vivuli. Hapa ndipo siku zinapokwenda, na hakuna njia ya mkato.

Kijani ndicho kilio cha wote. Usinunue kijani. PB15:3 na PY154 hutoa kijani kikali cha plastiki. Kiue kwa tone la PR254 au PBr7 hadi kifanane na jani lililopata jua. Kwa jani lililokomaa la mkarafuu ongeza PB29. Majani machanga ya mkarafuu si ya kijani kabisa, ni ya waridi yenye udongo: PV19 na PBr7 kidogo. Watu waliokulia mjini huniambia nimekosea. Waende wakatazame.

Basibasi: PV19 kama msingi, PR254 ndani yake, na mianya ya karatasi nyeupe kwa mng'aro. Kokwa: PBr7 na PB29, nzito, kwa mikono mitano au sita.

10. Andika habari zake.

Chini ya picha au nyuma yake, kwa penseli: jina kama ulivyotajiwa, jina la kisayansi, mahali, tarehe, na mmea ulichumwa na nani kama ameridhia. Mkarafuu ni Syzygium aromaticum. Ukikuta kwenye maandishi ya zamani umeitwa Eugenia, ni mti huo huo. Mkungumanga ni Myristica fragrans, mlangilangi ni Cananga odorata.

Umri wa mti usiuandike kwa kusikia. Karibu kila shamba Unguja utaambiwa mkarafuu huu ulipandwa zama za Sayyid Said. Kimbunga cha 1872 kilibwaga sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo Unguja andika "mkongwe, kwa maelezo ya mwenye shamba" na yaishie hapo.

Picha zinaweza kutumika baada yako. John Kirk, balozi wa Uingereza hapa karne ya 19 na mtaalamu wa mimea, alikuwa na bustani yake Mbweni na alikuwa akipeleka vielelezo Kew, bustani ya mimea ya London. Vielelezo vya namna hiyo vina manufaa kwa sababu mahali na tarehe vimeandikwa. Picha yako isiyo na tarehe ni pambo.

11. Hifadhi.

Karatasi, zilizotumika na zisizotumika, zikae ndani ya sanduku linalobana pamoja na pakiti za kukausha. Pakiti zikishiba unyevu, zianike kwenye jua kali la saa saba, zipoe ndani ya chombo kilichofungwa, zirudishe. Sanduku liwe juu ya meza, mbali na ukuta. Mchwa hupitia ukutani, na mende hula gundi ya karatasi. Picha iliyokamilika usiifungie kwenye fremu mpaka imelala siku kadhaa sandukuni ikauke kweli. Ukiifunga na unyevu, ukungu utaota ndani ya kioo.

Mambo yakiharibika

*Rangi inazama kwa madoa, karatasi inanyonya kama tishu.* Gundi ya juu ya karatasi imeliwa na unyevu au ukungu. Dondosha tone la maji kwenye kona: likikaa juu kidogo, karatasi nzima, likinywewa papo hapo, imekufa. Haitengenezeki. Itumie kwa majaribio ya rangi.

*Pameota alama yenye kingo za mawimbi katikati ya jani.* Umeongeza maji kwenye rangi iliyokauka nusu. Iache ikauke kabisa, lainisha kingo kwa brashi yenye unyevu tu, kisha ifunike na mkono unaofuata. Kwenye jani la kiza itapotea. Kwenye petali nyeupe ya yasmini haitapotea, anza upya.

*Rangi imekuwa tope.* Umechanganya zaidi ya rangi tatu, au umesugua mkono ambao haujakauka. Inua kwa kitambaa chenye unyevu, subiri hadi kesho, rudi na rangi mbili tu.

*Vidonge vya rangi vimeota ukungu.* Futa kwa pamba yenye spiriti, acha sanduku wazi mahali pakavu siku nzima. Tangu hapo usifunge mfuniko vidonge vikiwa na maji.

*Karatasi imejikunja.* Lowesha kidogo upande wa nyuma, ilaze kati ya karatasi safi mbili, weka kioo na vitabu vizito juu yake usiku kucha. Wakati mwingine ibandike kwenye ubao pande zote nne kabla ya kuanza.

*Tawi limesinyaa na picha haijaisha.* Chuma jingine kutoka mti ule ule, saa ile ile, lenye ukubwa unaokaribiana, utumie kwa mishipa na vivuli. Rangi ufuate mistari ya hatua ya 5, usifuate tawi jipya.

*Sisimizi wameingia kwenye sanduku la rangi.* Weka sanduku juu ya kopo lililosimama ndani ya sahani ya maji, na chai yenye sukari ihame meza.